Nyumba Njema Si Mlango



Wahenga wetu walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maneno haya twayatumia sana katika posa na katika biashara, lakini ni nadra kuyakumbuka tunapopima watoto wetu wakaishi wapi. Leo karibu kila ukoo wa Mombasa, Malindi na Lamu una mtoto ng'ambo. Mzazi akiambiwa mwanawe yuko London au New York, moyo wake hutua, kwa kuwa jina la mji ule amelisikia tangu utotoni. Akiambiwa yuko Iowa, huuliza, "Huko ndiko wapi?", na sauti yake huwa na huzuni kidogo, kana kwamba kijana amepotea njia.

Katika ukoo wetu swali hilo liliulizwa kwa uchungu. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa, aliishi miaka tisa katika mji mmoja mkubwa wa California. Kisha mwaka 2018 akamchukua mkewe na watoto wao watatu, akahamia Cedar Rapids katika jimbo la Iowa, kwenye mbuga za katikati ya Marekani. Dada yangu aliona kuwa mwanawe ameshuka daraja. "Watu hutoka shamba wakaenda mjini," aliniambia, "yeye atoka mjini aenda shamba. Nenda, ndugu yangu, ukamwone kwa macho yako, kisha umwambie arudi alikokuwa, au arudi nyumbani." Nilikwenda mwaka juzi baada ya Idi kubwa, nikakaa wiki sita. Haya niandikayo ndiyo majibu niliyompa dada yangu, nami nayaweka hapa kwa kuwa wako kina mama wengi wenye swali kama lake.

Tuanze na nchi yenyewe. Iowa iko baina ya mito miwili mikubwa, Mississippi upande wa mashariki na Missouri upande wa magharibi. Eneo lake ni kadiri ya robo ya Kenya, na watu wake ni milioni 3.2 tu. Kutoka Chicago hadi Cedar Rapids ni mwendo wa gari wa saa nne hivi. Zamani sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa mbuga ya majani marefu, mengine yakimpita mtu kimo, na mizizi yake ikizama ardhini mita mbili na zaidi. Majani yale yalikufa na kuoza kwa maelfu ya miaka, yakaacha udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu. Udongo huo ndio uliowafanya walowezi wailime mbuga karibu yote, hata leo iliyobaki katika hali ya asili haifiki sehemu moja katika mia. Mahali pake pamesimama mahindi na soya. Iowa huongoza majimbo yote ya Marekani kwa mahindi, na kwa nguruwe vilevile. Nguruwe wake ni zaidi ya milioni 20, yaani kila mtu mmoja kwa nguruwe zaidi ya sita. Dada yangu aliposikia hesabu hiyo alisema audhubillahi. Nikamwambia kuwa wamo mazizini mwao, wala hawaji kupiga hodi.

Haki yatutaka tutaje pia kuwa ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya walowezi. Watu wa pwani, ambao suala la hati za ardhi halijatutoka vinywani tangu zama za wakoloni, tutaielewa habari ya Wameskwaki. Hao waliondoshwa katika nchi yao na serikali, kisha mwaka 1857 wakarudi wakanunua ekari 80 kwa fedha zao, wakaendelea kuongeza kidogo kidogo, na mpaka leo wapo hapo karibu na mji wa Tama. Mtu anunuaye nyumba Iowa na ajue kuwa juu ya udongo ule imepita dhuluma. Ila pia ajue kuwa pako mahali wanyonge walishikilia kipande chao, hawakukiachilia.

Sasa tuingie katika nyumba, kwani hapo ndipo lilipo jambo kubwa. Kule California mpwa wangu alikodi vyumba viwili, na kodi yake ilimeza zaidi ya nusu ya mshahara. Yeye alifanya kazi mbili, mkewe akifanya ya usiku. Watoto walimwona baba yao wakati wa kulala, na wakati mwingine walikuwa wamekwisha lala. Mlango aliooneshwa wa kununua nyumba pale kwa mtu wa pato lake ulikuwa mkopo wa benki wenye riba, wa miaka thelathini. Aliukataa. Akaambiwa na wenzake kuwa ana ushupavu, kuwa watu wote wamepita hapo, na kuwa dharura huhalalisha. Sitaki kuingia katika mjadala wa wanavyuoni juu ya dharura na mipaka yake. Niliyemkuta ni kijana aliyetaka kuepuka jambo ambalo moyo wake haukulitulia, naye akatafuta njia.

Njia yenyewe ilikuwa ni kuhama. Nyumba ya kawaida ya Iowa thamani yake haifiki theluthi moja ya nyumba ya kawaida ya California. Mpwa wangu alinunua nyumba ya mbao, ya zamani lakini madhubuti, yenye vyumba vitatu vya kulala, chumba kikubwa chini ya ardhi, na uwanja wa nyuma wa kutosha watoto kucheza na mama yao kupanda mchicha. Bei yake ilikuwa dola 128,000. Alikuwa na akiba ya miaka tisa, na wenzake watatu wakamkopesha kilichopungua, karadha njema isiyo na ziada. Deni lile alilimaliza kwa miaka minne. Leo hadaiwi na benki wala na mja. Nilipolala usiku wa kwanza katika nyumba ile nilimshukuru Mola, kwa kuwa ni nyumba niliyojua kila msumari wake umetoka wapi.

Nisiseme kana kwamba kila kitu ni rahisi. Mshahara wa Iowa ni mdogo kuliko wa pwani za Marekani. Kima cha chini kwa sheria ni dola 7.25 kwa saa, ilhali cha California ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Ushuru wa nyumba nao si haba. Mpwa wangu hulipa zaidi ya dola 2,000 kila mwaka. Gari ni lazima, kwa kuwa hakuna matatu wala tuktuk, na mabasi ni machache. Majira ya baridi gesi ya kupasha nyumba joto yataka fungu lake. Lakini ukiyajumlisha yote na kuyatoa katika pato lake, hubaki kitu, na kule alikotoka hakikubaki. Mkewe aliacha kazi ya usiku. Hesabu ya nyumba si mshahara unaoingia tu, ni kile kinachosalia mwisho wa mwezi, na ni nani yuko nyumbani watoto wanaporudi kutoka shule.

Mji wa Cedar Rapids una lakabu ya kupendeza. Wenyewe hujiita Mji wa Majira Matano. Majira manne ni yale yajulikanayo, baridi, kuchipua, joto na kupukutika. La tano wanasema ni wakati wa kuyafurahia hayo manne. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka, nikidhani ni maneno ya biashara. Lakini nilikaa nikaona. Mpwa wangu hutoka kazini, na baada ya dakika 20 yuko mlangoni kwake. Mtu wa Likoni avukaye feri asubuhi na jioni ajua dakika zina thamani gani. Baada ya chakula cha jioni alikaa na watoto wake, akawasikiliza juzuu zao mmoja baada ya mwingine. Mkubwa alikuwa amefika Suratu Yasin kwa hifdhi, na herufi zake zilikuwa safi. Huyo ni mtoto ambaye kule walikotoka alikuwa hajui kuunga alifu kwa lamu, si kwa uvivu, bali kwa kukosa mtu wa kukaa naye.

Mambo ya dini katika mbuga zile yana historia ambayo wengi wetu hatukuisoma. Mwishoni mwa karne ya 19 walifika huko Waislamu kutoka Shamu, nchi ambazo leo ni Syria na Lebanon. Wengi wao walikuwa wachuuzi, wakitembea na mizigo mgongoni kutoka shamba hadi shamba, wakiuza sindano, nyuzi na vitambaa, kisha wakafungua maduka ya vyakula. Katika jimbo la North Dakota, kijiji cha Ross, wakulima Waislamu walijenga msikiti mwaka 1929. Huko Cedar Rapids walimaliza wa kwao mwaka 1934, wakati Marekani nzima imo katika dhiki ya mdororo wa uchumi. Fikiri, ndugu yangu: watu wachache, masikini, katika miaka ya ukata, wakajenga nyumba ya Mwenyezi Mungu.

Niliuona msikiti huo. Ni jengo dogo la mbao jeupe, lenye kuba ya kijani, lisilozidi ukubwa wa madrasa zetu za mtaani, nao huitwa Msikiti Mama wa Marekani. Mwaka 1971 Waislamu walihamia jengo kubwa zaidi, na lile la zamani likauzwa, likapita mikononi mwa watu. Mwaka 1990 wakalinunua tena, wakalitengeneza likarudi katika hali yake. Katika mji huohuo alikulia Abdallah Igram, askari wa vita vya pili vya dunia, ambaye baada ya vita alidai kuwa askari Mwislamu awe na haki ya kuandikiwa dini yake kwenye kibati cha utambulisho shingoni. Mwaka 1952 yeye na wenzake waliwakusanya Waislamu wa Marekani na Kanada hapo Cedar Rapids. Kumbe huku tukidhani Uislamu wa Marekani ulianzia katika miji ya maghorofa, mizizi yake mingine iko kwenye mashamba ya mahindi.

Kaskazini mashariki ya Cedar Rapids kuna kijiji cha watu 1,200 hivi, kando ya mto, chenye daraja la mawe la kale. Jina lake ni Elkader. Waanzilishi wake mwaka 1846 walikiita hivyo kwa heshima ya Amiri Abdulkadir wa Algeria, aliyekuwa wakati ule bado anapigana na Wafaransa walioivamia nchi yake. Walowezi wale hawakuwa Waislamu, wala hawakupata kumwona. Habari za ushujaa wake ziliwafikia, wakazistahi. Baadaye, mwaka 1860, akiwa uhamishoni Damascus, Amiri huyo aliwakinga maelfu ya Wakristo wasiuawe na wahuni. Leo kijiji kile kina udugu na mji wa Mascara wa Algeria, alikotokea Amiri. Nilisimama katika barabara yake kuu nikasoma jina lile ubaoni, na nikafikiri kuwa tabia njema ya mtu hufika mahali ambapo miguu yake haitafika kamwe.

Uzuri wa nchi ile haujioneshi kwa haraka. Hakuna milima ya theluji, hakuna bahari. Lakini mtu wa pwani akisimama katikati ya mashamba wakati wa alasiri ataona kitu anachokijua: upeo ulionyooka pande zote, mbingu pana, na upepo unaopita juu ya mahindi yakainama na kuinuka kama maji ya kasikazi. Upepo wenyewe ni mali. Zaidi ya nusu ya umeme wa Iowa hutokana na mitambo ya upepo, na wakulima hulipwa kwa mitambo iliyosimama mashambani mwao. Mwezi mwandamo huonekana wazi kwa kuwa hakuna mlima wala ghorofa la kuukinga. Kibla chao ni kaskazini mashariki, nasi wa Mombasa twaelekea kaskazini. Majira ya joto Maghribi ni karibu saa tatu kasorobo usiku, na Isha huchelewa hata saa nne na nusu. Mgeni asinziaye mapema kama mimi hupata taabu.

Jambo moja lilinipendeza kuliko yote. Mwezi wa Julai na Agosti wakulima huweka meza kando ya barabara, juu yake mahindi mabichi matamu, na kopo la kutilia fedha. Muuzaji hayupo. Mnunuzi huchukua mahindi yake, hutia fedha kamili, huenda zake. Nilimuuliza mpwa wangu kama hayaibiwi. Akasema, "Mjomba, siku moja nilikosa chenji nikaacha dola tano za mahindi ya dola tatu. Wiki ya pili nilikuta karatasi imebandikwa mezani: aliyeacha dola tano achukue mahindi bure leo." Tuliyachoma yale mahindi kwa makaa uwanjani, tukayapaka ndimu na pilipili kama ya Mama Ngina, na jirani yao, mzee wa Kikristo, akaonja akatokwa na machozi, kisha akaomba jingine.

Jirani huyo ana kisa chake. Tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba kali ya upepo iliupiga mji ule mchana, ikang'oa miti kwa maelfu na kuezua mapaa. Mpwa wangu na watoto walikuwa katika chumba cha chini ya ardhi wakisoma dua. Walipotoka, mti mkubwa ulikuwa umelala juu ya gari lao, na umeme haukurudi kwa siku kumi. Mzee yule alikuja na msumeno wake wa mashine bila kuitwa, akakata mti mpaka jua likatua. Nao wakampelekea chakula kwa siku zote zile, kwa kuwa walikuwa na jiko la makaa. Tumefundishwa kuwa jirani mwema ni katika saada ya mtu, wala hatukuambiwa awe wa dini gani.

Baridi ndiyo mtihani mkubwa. Mwezi wa Januari 2019, majira yao ya mwanzo, ilishuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Mlango wa kupaka maji juu ya khofu, ambao sisi tuliusoma chuoni kama habari ya nchi za mbali, wao huuhitaji kila siku. Kuna na upweke. Waislamu ni wachache, na mke wa mpwa wangu husema kuwa katika vijiji vya nje bado hutazamwa kwa buibui lake. Harusi na maulidi ya huku huyaona kwenye simu. Hayo ni ya kweli, na mzazi ayatie katika mizani.

Lakini hawako peke yao. Jimbo lile lina desturi ya kupokea wageni: mwaka 1975 Gavana Robert Ray aliwapokea wakimbizi wa Tai Dam kutoka Asia, miaka ya 1990 wakaja Wabosnia, na miaka hii wamekuja Wakongo na Warundi wengi. Matokeo yake wajukuu wa dada yangu hawakupoteza Kiswahili. Wamekipata Kiswahili cha Kongo. Mdogo wao humwambia bibi yake "aksanti" kwenye simu, na bibi hucheka mpaka akasahau kuwa ana hasira.

Niliporudi sikumwambia mpwa wangu ahame, na dada yangu nilimweleza sababu. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza swali moja ambalo wanawake wetu huliweka mwisho: "Akifa huko, atazikwa na nani?" Nikamweleza kuwa mwaka 1948 Waislamu wa Cedar Rapids walifungua makaburi yao wenyewe, baada ya mmoja wao kutoa ardhi wakfu, na yanahesabiwa kuwa ya mwanzo Marekani kutengwa kwa Waislamu peke yao. Niliyazuru, nikawasomea Fatiha wachuuzi wale. Majina ni ya kwetu, na wote wamelazwa kuelekea Kibla. Dada yangu alisikiliza, akasema, "Nyumba nimeikubali. Umbali sijaukubali." Sikumjibu, kwa sababu hilo halina jibu la kitabuni. Ameanza kutafuta pasipoti.

Wazazi wenzangu, mtoto akiwaambia anahamia mahali msipopajua, msimuulize kwanza kama mji una jina. Muulizeni msikiti uko umbali gani. Muulizeni kama ataweza kupata makao bila riba, na mwisho wa mwezi kitabaki nini. Muulizeni saa ngapi atakuwa nyumbani na watoto wake, jirani yake ni nani, na wafu wa Kiislamu wanazikwa wapi. Akiwa na majibu ya haya, mpeni radhi zenu, hata kama mahali penyewe ni shamba la mahindi. Akiwa hana, basi hata New York ni pori.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo, awape riziki ya halali na nyumba zenye wasaa, awajaalie majirani wema, na atukutanishe nao katika kheri hapa duniani na kesho akhera. Amin.